Mwandiko Ndani ya Friza

Mimi ndiye mwenye funguo za friza kubwa,
ile ya ghorofa ya chini, nyuzi themanini chini ya sifuri.
Ikipiga kelele usiku, simu yangu nayo hulia,
navaa koti juu ya pajama, napanda baiskeli,
naufuata mfereji wa Aveiro, mvua ikinichapa usoni.
Miaka thelathini na moja. Nina ajira ya kudumu.
Neno hilo nalitamka chini kwa chini mbele ya vijana,
kama mtu atafunaye nyama mbele ya wenye njaa.

Droo ya kwanza ni mwandiko wa Leopoldina,
herufi zimelala upande kama nyasi za wangwani.
Alikuja kwa ufadhili wa miaka mitatu,
akaenda Uswisi miwili, Austria mmoja,
sasa anauza bima za magari huko Braga.
Sampuli zake zingali zinamngoja aje amalizie.
Droo ya pili, wino wa kijani: Tibério.
Huyo nilimkuta alfajiri, shavu juu ya kibodi,
skrini imejaa herufi moja, kurasa kwa kurasa.
"Bwana Abílio, usimwambie mtu."
Sikumwambia mtu.
Pengine ningesema.

Na sasa Iolanda Quaresma.
Miaka thelathini na sita, shahada ya udaktari,
na chumba katika nyumba ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza
wanaomwita shangazi.
Anachunguza nyasi za baharini zinazoota matopeni,
kwa nini mbegu zake siku hizi zinagoma.
Mbegu huamka Mei.
Mkataba wake unakwisha Machi.
Alijaribu kuzishauri mbegu; mbegu hazisomi mikataba.

Juzi nilimsikia akiisoma fomu kwa sauti:
Eleza matokeo ya utafiti wako katika miaka kumi ijayo.
Akacheka hadi akakohoa.
"Miaka kumi! Mimi Aprili siijui nitailalia wapi."
Kisha akaandika, maana fomu haipokei kicheko,
akaandika kwa kujiamini, kama mwenye shamba na hati yake.

Profesa ni mtu mwema, niseme kweli.
Humwita "nguzo yetu".
Nguzo haipandishwi cheo, huongezewa paa:
vipindi viwili visivyo kwenye mkataba,
mitihani ya kusahihisha kwa jina la mwingine,
na katika makala ya mwisho jina lake likawa la nne,
nyuma ya mtu ambaye sijapata kumwona ameloa viatu.

Jumapili mama yake hupiga simu kutoka Viseu.
"Bado unasoma, mwanangu?"
"Bado, mama."
Ni rahisi kuliko kueleza.

Siku ya mwisho ya Machi alinirudishia kadi ya mlango.
Meza alikuwa ameifuta mara mbili.
Alinipa karatasi: chumvi gramu ngapi, joto nyuzi ngapi,
kila Jumatatu, kila Alhamisi.
"Ukiweza," alisema. "Najua si kazi yako."
Si kazi yangu. Yangu ni friza, na taa,
na lile bomba linalovuja tangu enzi za Leopoldina.

Alhamisi moja ya Mei nilifunua trei
nikaona uzi wa kijani, mwembamba kama ukope,
mmoja kati ya mbegu mia mbili na arobaini.
Nikapiga simu. Ikaita sana.
Alipopokea, nyuma yake kulikuwa na vikombe vikigongana,
mashine ya kahawa ikifoka mvuke.
"Subiri," akanong'ona, "nina wateja."
Nikasubiri, trei mkononi, utadhani mhudumu ni mimi.
Aliporudi hakuniuliza habari zangu:
"Urefu? Pima. Usiuguse kwa kidole.
Andika tarehe.
Andika na saa, Bwana Abílio, andika na saa."

Nikaandika kwenye lebo, mkono ukitetemeka.
Mwandiko ni wangu.
Jina nimeweka lake,
peke yake.